Kura Tisa za Bellevue

Kariuki tumemuaga Jumamosi iliyopita, uani kwa Papa Dieudo, nyumba ileile ya Bellevue tulimoishi naye. Mwili ulikwisha kutangulia Kenya kwa ndege, kwa hiyo sisi tuliobaki Johannesburg tuliagana na picha yake iliyowekwa juu ya kiti cha plastiki. Ilipigwa siku aliyovaa suti ya kuazima, naye amecheka kama mtu aliyeinunua. Viti vilikuwa ishirini na watu walikuwa elfu kumi. Haya, sema themanini. Upepo wa vuli ulikuwa ukituletea majani kutoka barabarani na kuyamwaga kwenye sahani za watu, na mimi niliyesifika kwa kuchekesha misiba nilikaa nikiyaokota jani moja moja. Nilijua kabla jua halijatua mtu mmoja atasimama kusimulia habari ya Yuda na kura, watu watacheka, na kicheko kile kitakuwa juu ya marehemu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Najua wasomaji wa kumbukumbu hupenda kuanzishiwa kwenye kitovu: baba alikuwa nani, mama alitoka ukoo gani, nyumba ilitazama wapi. Hayo nayaruka yote. Ninalo la mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mchana nasuka nywele mjini, jioni nasoma darasa la watu wazima nikitafuta cheti cha matriki, kile cha kumaliza sekondari, na hisabati ilikuwa imenikalia kooni kama mwiba wa kambare. Mwaka huo uchaguzi wa nchi uliangukia siku kumi hivi baada ya Pasaka. Kwetu Tabora vuli ni mvua; huku niliambiwa vuli ni kuanguka kwa majani, nikakataa, mpaka nilipoiona miti ya Observatory, mtaa wa jirani, ikinyonyoka kama kuku wa sikukuu. Kila nguzo ya taa ilikuwa imebeba nyuso nne, moja juu ya nyingine, mithili ya familia iliyopanda ngazi. Nyuso zote zilikuwa zikicheka. Sijaona tena watu wenye meno mengi kiasi kile. Mmoja aliahidi kazi, mwingine maji, na mwingine, kwa maneno ya adabu kabisa, aliahidi kuwapunguza wageni. Tulipita chini yake kila asubuhi na mifuko yetu ya nywele bandia, tukimsalimia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya wenye nafasi, yenye dari la bati lililochapwa maua na mlango wa mbele ambao ungepitisha tembo. Waliokuja baada yao waliigawa vyumba, na waliowafuata wakavigawa vyumba vyenyewe. Changu kilikuwa stoo ya chakula. Ukinyoosha mikono ulikuwa unagusa kuta zote nne na jirani mmoja. Tulikuwa watu wazima tisa: Papa Dieudo, fundi cherehani kutoka Uvira, na mkewe Mama Solange, na shemeji yake Espoir, mlinzi wa duka; Mama Kulthum wa Tanga, mpika vitumbua, na mumewe Mzee Shomari, ambaye kwa miaka yote niliyoishi naye alisema maneno kumi na mbili; vijana wawili wa Dar waliouza mikanda mjini; Kariuki, Mkenya, aliyetengeneza simu za watu na kubomoa siasa za dunia; na mimi. Choo kilikuwa kimoja. Na kilikuwapo kitu kimoja ambacho nyumba jirani zote zilikwisha kukigawa vyumba: ukumbi. Chumba kikubwa cha mbele, chenye dirisha lililotokeza nje kama kitambi, televisheni ya Kariuki, na meza ya mbao chini ya taa iliyowaka kwelikweli. Saa mbili usiku niliporudi kutoka darasani, wenzangu wote wamejifungia na baridi yao, meza ile ilikuwa yangu. Sijawahi kumpenda mwanamume nilivyoipenda meza ile.

Kwenye saluni nilikosuka, kiti cha kando yangu alikaa Spesioza, Mrundi, mwanamke mwembamba wa kusema polepole, anayesuka nywele ndogo kama nyuzi bila kuangalia. Alikuwa na binti wa miaka mitano, Ornella, ambaye alishinda chini ya meza ya vioo akicheza na vibanio. Walikuwa wakilala kanisani, kwenye jengo moja la zamani la ofisi katikati ya mji, juu ya mabenchi mawili yaliyosogezwa pamoja. Mchungaji alikuwa mtu mwema lakini kanisa lilikuwa na shughuli zake, naye alikuwa amewaambia wakae mpaka Jumapili inayofuata Pasaka, isizidi. Baada ya hapo ni baridi. Asiyejua baridi ya Johannesburg hudhani Afrika yote ni jua. Baridi ile ina meno, nayo huwatafuta kwanza walio sakafuni. Basi mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaipeleka habari nyumbani. Nikasema wakati wa chakula, mbele ya wote: "Jamani, ukumbi ule ungewekwa ukuta katikati, Spesioza na mtoto wangepata pa kulala."

Papa Dieudo, ambaye kwao ndiyo ni njo, aliweka kijiko chini. "Njo maneno hayo, Dada Zena. Mama na mtoto habawezi kulala kwa benchi kama mizigo. Ukuta mimi nitaujenga na mikono yangu."

"Ukuta!" akasema Mama Kulthum. "Ala! Na choo utakijenga na nini, Papa? Watu tisa asubuhi tunapanga foleni mpaka kwenye geti. Na hao wageni wangu wa futari niwakalishe wapi, juu ya bati? Nyumba ni ukumbi, wanangu. Ukiutoa ukumbi hamna nyumba tena, mnabaki na vyumba."

Nitamtetea hapa kidogo, kwa sababu bado yu hai na atasomewa haya. Mama Kulthum hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampelekea Spesioza vitumbua saluni kila Ijumaa. Alikuwa anasema kweli tupu kuhusu choo. Wakavutana hivyo wiki nzima, kila mmoja na kweli yake, na mwenye nyumba alipoulizwa alisema tuamue wenyewe. Ndipo Kariuki akapata wazo ambalo lilimfurahisha kuliko lolote maishani mwake. Alisimama juu ya kiti ukumbini akasema: "Wananchi! Hii nchi haitupi karatasi ya kura. Sawa. Si tujipigie yetu? Jumatatu ya Pasaka, kura ya siri, huru na haki. Atakayeshindwa asiende kortini, aende jikoni aoshe sufuria."

Tulicheka mpaka Mzee Shomari akatumia maneno mawili kati ya kumi na mawili yake: "Haya basi."

Sasa hebu fikiria siku zile. Mji umeanza kumwagika. Mabasi ya mahujaji wa Pasaka yamejaa kuelekea kaskazini, wenye magari wameelekea Durban, madukani wanauza mayai ya chokoleti na sungura ambaye hakuna aliyeweza kunieleza alihusikaje na Ufufuko. Jiji lote limebaki letu. Na ndani ya nyumba yetu kuna vyama viwili, Chama cha Ukuta na Chama cha Ukumbi. Papa Dieudo alishona vitambaa vya kufunga mkononi kutokana na mabaki ya gauni la bibi harusi, kwa hiyo wana-Ukuta wote tulitembea tukimeremeta. Kariuki, ambaye alijiteua meneja wa kampeni yetu na wakati huohuo msimamizi wa uchaguzi, aliokota bango la plastiki lililoangushwa na upepo, akaligeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu nene UKUTA NI UPENDO, akalitundika mlangoni mwa choo mahali ambapo kila mpiga kura lazima apite. Mama Kulthum alijibu kwa vitumbua. Mwanachama wa Ukumbi alipata kimoja, mwenye shaka alipata viwili. Wale vijana wa mikanda walikuwa na shaka kwa siku sita mfululizo, wakanenepa, halafu wakajiunga na Ukumbi. "Hii ni rushwa ya mchana kweupe!" Kariuki alilia, huku naye anatafuna. Jumamosi tulikwenda wote kupanda kilima cha Observatory na mikate na chai ya chupa, tukakaa juu ya mawe tukiitazama Johannesburg imelala, tukaendelea kutukanana kwa mapenzi mpaka machozi. Nimehudhuria harusi na sherehe nyingi tangu hapo. Sijafurahi tena namna ile. Na katikati ya furaha yote ile Spesioza alikuwa anahesabu Jumapili.

Hesabu ya kura kila mtu aliijua. Ukuta tulikuwa watano: Papa Dieudo, mkewe, Espoir, Kariuki, mimi. Ukumbi wanne. Ilikuwa imekwisha kabla haijaanza, na mimi nilikwisha kumwambia Spesioza afunge mizigo. Nilimwambia kwa madaha, nywele za mteja mkononi: "Ndugu yangu, kwa hesabu umeshinda."

Alinitazama kwenye kioo. "Dada yangu, mimi nitakuja Jumatatu kukula tu. Mengine Mungu ataona."

Alikuja. Jumatatu ya Pasaka tulikula uani. Mama Kulthum, Mwislamu, aliwapikia Wakristo pilau ambayo malaika wangeshuka kuigombea. Mama Solange akaleta sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Kariuki akachoma nyama juu ya ngoma ya mashine ya kufulia iliyokufa. Spesioza alileta maharage ya Kirundi yaliyopikwa na ndizi, kwenye bakuli la kuazima kanisani. Ornella alipewa yai la chokoleti akakataa kulila. Alilishika mpaka likayeyuka mkononi. Saa tisa Kariuki akagonga sufuria. Wapiga kura tuingie ndani, wageni wabaki uani. Alisema hivyohivyo, wageni, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia alichokisema.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mtu alipewa harage moja jekundu na punje moja ya mahindi. Harage ni ukuta, mahindi ni ukumbi. Unaingia peke yako kwenye chumba cha kura, unadondosha moja ndani ya birika, nyingine unatia mfukoni. Chumba cha kura kilikuwa changu, kwa sababu kilikuwa kidogo na hakikuwa na dirisha la kuchungulia. Nilikuwa wa saba. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, birika mbele yangu juu ya ndoo. Vitabu vyangu vilikuwa vimerundikwa juu ya mto wa kulalia, daftari la hisabati juu, na mitihani ilikuwa imebaki wiki sita. Nilikuwa nimekwisha kufeli mara moja. Nikaitazama stoo ile. Nikajaribu kuweka daftari juu ya magoti, na kiwiko kikagonga ukuta. Nikasikia Spesioza, kutoka mlango wa uani, anamuuliza Mama Kulthum sabuni ya vyombo iko wapi. Alikuwa ameanza kuosha sahani zetu. Nilikaa mle, naapa, miaka saba. Pengine dakika moja. Kisha nikadondosha punje ya mahindi, na mlio wake ndani ya birika la bati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilidhani mtaa mzima umegeuka. Nikatoka nikitabasamu, kitambaa cha harusi mkononi.

Kariuki alihesabu kwa sauti, akiziweka mezani mbegu moja moja. Mahindi matano. Maharage manne. Wale vijana waliruka hadi karibu na dari. Mama Kulthum hakuruka; alishika kidevu. Na Mama Solange akasimama taratibu, akatuangalia sisi wanne wa Ukuta tuliomzunguka, mmoja mmoja, macho yakaishia kwa Kariuki.

"Televisheni," akasema.

"Nini?"

"Televisheni, Kariuki! Ukuta ungekaa pale inakaa. Wiki yote umelia mpira, mpira. Yuda weye! Siku ya pili tu Bwana amefufuka!"

Kariuki alifungua mdomo. Alimwangalia Papa Dieudo, akamwangalia Espoir, kisha akaniangalia mimi, na hapo mimi nikatazama dirisha. Sijui aliona nini. Akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Haya bana, mmenishika. Sasa fainali mtu ataiangalia kupitia ukuta aje?" Watu wakapiga kelele, wengine wakacheka, na jina likamganda papo hapo. Yuda. Aliitika jina lile mpaka alipokufa.

Papa Dieudo ndiye aliyekwenda uani kusema. Nilimfuata kwa sababu ingekuwa ajabu nisimfuate. Spesioza alisikiliza mikono ikiwa majini, akasema, "Asanteni kwa kutufikiria," akamalizia sahani mbili zilizobaki, akazifuta, akazipanga. Kisha akamfunga Ornella kitenge, na alipofika kwangu akanishika mkono, mkono wake wa baridi una povu bado. "Wewe najua ulinipigia," akasema. "Mungu atakulipa, Zena." Na mimi msemaji, mimi ambaye nikitumwa sokoni narudi na hadithi tatu, nilimkumbatia tu.

Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, na sasa naamini kosa letu halikuwa mahindi wala maharage. Kwetu sote, Tabora, Tanga, Uvira, Nyeri, jambo kama lile lingekaliwa kikao. Mama angeletwa akakalishwa mkekani na mtoto wake magotini, na kila mwenye neno angelisema huku anamtazama. Ingechukua siku mbili, wangenuna watu, choo kingetajwa mara mia, lakini niambie, nani kati yetu angefungua mdomo amwambie usoni, hapana, kalale nje? Hakuna. Mama Kulthum mwenyewe angekuwa wa kwanza kulia na kukunja mkeka wake wa futari. Sisi tukaona kikao ni ushamba, tukataka mambo ya nguzo za taa. Kura ya siri ni kitu kizuri. Nchi huimwagia damu. Lakini sisi wageni tisa tuliichukua ikatupa mahali pa kujificha, na nilipofungiwa humo peke yangu niliweza kutenda ambalo mbele ya watu nisingeliweza hata kulifikiria. Yule wa bangoni aliahidi kupunguza wageni kwa jina lake na picha yake. Mimi niliwapunguza wawili bila kuonekana.

Jumapili ilipofika, Spesioza na mtoto walihamia jengo fulani karibu na stendi ya teksi, ghorofa ya nne, chumba ambacho dirisha lake lilikuwa kadibodi. Saluni tuliendelea kukaa bega kwa bega. Siku moja hakuna wateja, nimefungua daftari langu najaribu kutafuta thamani ya x, na x amekataa kupatikana kama mdeni. Spesioza akachungulia, akachukua kitana, akanionyesha kwa ncha yake. "Hapa umehamisha upande wa pili ukasahau kugeuza alama."

"Umejuaje?"

"Bon, nilifundisha hisabati. Gitega, sekondari, miaka minne."

Nilikuwa nimelinda meza yangu dhidi ya mwalimu. Wiki zote zilizobaki alinifundisha pale, baina ya mteja na mteja, kwa kitana na mgongo wa karatasi za nywele bandia, hakuchoka, hakuomba chochote. Mchana yeye ananifundisha mjini, usiku mimi nakaa ukumbini chini ya taa yangu na kurudia aliyonifundisha, peke yangu, kwenye chumba ambacho kingewatosha watatu.

Siku ya uchaguzi wenyewe ilikuwa sikukuu, saluni imefungwa. Mimi na Kariuki tulikwenda kukaa juu ya ukuta mfupi mkabala na shule ambako watu wa mtaa walikuwa wanapiga kura. Foleni ilizunguka kona mpaka kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Bibi mmoja alikuja na kiti chake cha kukalia, akawa anakisogeza hatua kwa hatua, na alipotoka alituonyesha kidole gumba chenye wino kama msichana anayeonyesha pete. Kariuki alimpigia makofi. Alikuwa na wivu, nilimwona. Nilikuwa na vitabu mapajani bila kuvisoma. Akavitazama.

"Mbona husomi?"

"Leo sikukuu."

Akarudisha macho kwenye foleni. "Zena, soma. Usifeli tena bana. Nisije nikawa Yuda wa bure."

Hakunigeukia. Dakika ileile akaanza kubishana na kijana wa fulana ya chama kuhusu nani angeshinda jimbo la Gauteng, kwa uhakika wa mtu mwenye kura elfu moja mfukoni. Nami sikumwambia asante, kwa sababu kumwambia asante kungekuwa kukiri.

Nilifaulu. Hilo mnalijua, maana nimelitangaza kote Johannesburg: nimesema nilipata tisini na nane, nimesema msimamizi alilia, nimesema walitaka kunipa chuo chenyewe niondoke nacho. Ukumbi wenyewe haukudumu. Mwaka uliofuata mwenye nyumba alikuja na mafundi wawili, akaugawa vyumba viwili asubuhi moja, bila kura, bila kutuuliza, na kufika jioni wapangaji walikwisha kuingia.

Basi Jumamosi iliyopita, matangani, ilikuwa kama nilivyojua. Papa Dieudo, sasa ana mvi na fimbo, alisimama kumsifu marehemu akafika hapo. "Na huyu njo alikuwa Yuda wetu! Alituuza kwa ajili ya mpira!" Kicheko kikapita uani kama upepo. Hata Spesioza alicheka, amekaa mbele, kitambaa cheusi begani. Nikasimama. "Kariuki hakuwapigia Ukumbi," nikasema. "Kura ile ilikuwa yangu."

Wakaangua kicheko ambacho nyumba ile haijapata kukisikia.

"Zena na chumvi yake!" alipiga kelele mtu.

"Tisini na nane!" akaitikia mwingine, na kicheko kikazidi.

"Keti, mwanangu," Mama Kulthum akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, anafuta macho. "Mwachie marehemu sifa yake." Na Spesioza akawageukia jirani zake, akasema kwa sauti ya kujivunia, "Mnaona moyo wake? Anambebea marehemu lawama." Wakanipigia makofi. Nimesema uongo maisha yangu yote watu wakaumeza bila maji. Siku niliyosema kweli nilipigiwa makofi.

Nikakimbilia jikoni kujificha kwenye vyombo. Ornella alikuwa pale anaosha masufuria, msichana wa miaka ishirini na ushee, mrefu kuliko mama yake. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza cha hapa na vipande vya Kizulu. Namwandika kwa lugha yangu. Nilianza kusema kitu kuhusu sabuni, akageuza kichwa.

"Sema upande huu, Anti."

Sikio lake la kushoto halisikii. Liliugua usaha majira yale ya baridi, kwenye chumba cha kadibodi, na walipofika kliniki lilikuwa limekwisha kufa. Sisi wote tumezoea kuzunguka upande wa pili tunapomsemesha, kama mtu anayezunguka kisima.

"Wao wamecheka," akasema. "Mimi nilikuwa nakutazama uso. Ni wewe."

"Ni mimi."

Akaendelea kusugua sufuria ileile kwa muda mrefu. "Ulipata ngapi? Kweli."

"Arobaini na moja."

"Eish." Akazima bomba. "Basi nenda ukamwambie mama. Usisimame. Ukisimama mbele za watu unakuwa Anti Zena, wanasubiri kucheka. Vuta kiti ukae mbele yake, umwambie na hiyo arobaini na moja."

Watu walikuwa wameanza kuondoka. Nilivuta kiti, nikakaa magoti yetu yakigusana. Spesioza aliweka mkono juu ya goti langu, akidhani nimekuja kumlilia Kariuki. Nikamwambia yote: stoo, daftari, kiwiko, punje ya mahindi. Alikuwa anatabasamu bado, anatikisa kichwa, ananisamehe ukarimu ambao sikuwa nao. Nikamwambia maksi. Hapo tabasamu likasimama. Mwalimu anaijua maksi ya kweli akiisikia. Hakuna mtu anayejisifu kwa arobaini na moja.

Akauondoa mkono wake kwenye goti langu, si kwa hasira, kama mtu anayechukua kitu alichokisahau. Akatazama nyumba, upande lilipokuwa dirisha kubwa.

"Ornella alikuwa analala saa moja," akasema. "Saa moja jioni, Zena, mpaka asubuhi, hata ngoma zipigwe. Ungesoma palepale mezani."